Barua ya wazi kwa Baraza la Magavana na Jaji Mkuu kuhusu ushuru wa mazao barabarani

Kwa:
Mwenyekiti, Baraza la Magavana;
Maspika wa Mabunge ya Kaunti zote 47;
Mheshimiwa Jaji Mkuu na Rais wa Mahakama ya Juu ya Kenya.

KUH: USHURU WANAOTOZWA WENYE MAZAO YANAYOPITA KATIKA KAUNTI, NA MUDA UNAOTUMIKA MAHAKAMANI KUAMUA UHALALI WAKE

Waheshimiwa,

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi na vitunguu. Nanunua shambani, napakia, nasafirisha, kisha nauza kwa jumla katika soko lililo kaunti ya nne kutoka pale ninapopakia. Kazi hii niliianza kabla ya serikali za kaunti kuingia ofisini mwaka 2013, kwa hiyo niliwahi kulipa ushuru kwa mabaraza ya zamani, na sasa nalipa kwa kaunti. Nina lori moja langu na jingine la kukodi msimu ukichanganya. Naeleza haya mapema ili msomaji asidhani kwamba anayeandika ni mpinzani wa ugatuzi aliyejificha nyuma ya gunia la viazi. Agosti 2010 niliipigia kura Katiba hii, na kura ikirudiwa kesho nitaipiga vilevile.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi ya biashara ya kaunti moja, ikagongwa muhuri wa kupokewa, na jibu halikuja. Nilipofuatilia baada ya miezi miwili nilielekezwa idara ya mapato, nako nikaambiwa kwamba wao ni watekelezaji tu wa Sheria ya Fedha na kwamba mwenye neno kuhusu sheria aende katika bunge la kaunti. Karani wa bunge hilo alinipokea kwa heshima, akanieleza kuwa muda wa kutoa maoni ulikuwa umepita, nirudi mwakani. Nikarudi mwakani. Tangazo la kikao lilikuwa limetolewa siku tatu kabla, kikao chenyewe kikawekwa asubuhi ya siku ya soko, saa ambazo hakuna mchuuzi anayeweza kuiacha bidhaa yake. Kaunti hiyo siitaji kwa jina, wala hizo nyingine tatu ninazopita, kwa sababu nimezungumza na madereva wa njia nyingine za kutosha kujua kwamba tatizo halina mwenyewe mmoja.

Ninayolalamikia ni haya.

1. Ushuru huu hauna mzazi.

Katika safari moja ya kawaida napewa risiti nne. Ya kwanza napewa pale ninapopakia, na imeandikwa ushuru wa mazao. Ya pili na ya tatu zinatolewa katika vizuizi vya barabara kuu, kwenye kaunti ambazo sikununua wala sitauza hata kiazi kimoja. Lori linapita tu, na laiti si kizuizi lisingesimama kabisa. Ya nne hutolewa mlangoni mwa soko, na hiyo sina ugomvi nayo, maana soko lina paa, lina choo, lina mlinzi wa usiku, na taka zinazolewa, ingawa si kila siku.

Nimeisoma Ibara ya 209 ya Katiba mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma mkataba wangu wa mkopo. Inasema kwamba kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya Serikali ya Kitaifa peke yake. Kaunti inaruhusiwa kutoza kodi ya mali isiyohamishika, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo imepewa idhini ya kuitoza na sheria ya Bunge. Zaidi ya hapo, serikali ya ngazi yoyote inaweza kutoza ada kwa huduma inayoitoa. Mlango wa tatu haupo.

Sasa naomba mnisaidie kuuweka ushuru wa kizuizini katika mojawapo ya nafasi hizo. Kama ni kodi, basi iko wapi sheria ya Bunge iliyoiidhinisha? Zamani tulikuwa tukionyeshwa Sheria ya Kilimo, Sura ya 318, iliyoruhusu mabaraza kutoza ushuru wa mazao. Sheria hiyo ilifutwa na kufuatwa na Sheria ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya 2013. Mzazi amezikwa, mtoto bado anatumwa dukani kukopa kwa jina lake. Na kama ni ada, basi huduma ni ipi? Kufungua kizuizi ambacho mliotoza ndio mlioweka si huduma. Dereva wangu aliwahi kumuuliza askari wa kaunti swali hilo kwa upole (hawa ambao mitaani bado tunawaita kanjo, jina la mabaraza yaliyokwisha kufa), naye akajibu kwamba huduma ni ruhusa ya kuendelea na safari. Alijibu bila kejeli. Nadhani aliamini anachosema, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inaitaka kila kaunti iwe na sera ya viwango na bei za huduma zake, na itekeleze sera hiyo. Katika kaunti nne nimeiomba nakala. Sijaipata hata moja.

2. Katiba imekataza waziwazi kile kinachofanyika.

Ibara hiyohiyo ya 209, katika sehemu yake ya tano, inasema kwamba mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi na kukusanya mapato mengine hayatatumiwa kwa namna inayodhuru sera za kiuchumi za taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au mzunguko nchini wa bidhaa, huduma, mtaji na nguvukazi. Maneno haya yalikuwa na historia kabla ya kufika kwetu. Yanafanana mno na yaliyomo katika Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kwenye vifungu vya 228 na 229 vinavyohusu majimbo na manispaa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Wenzetu wa Afrika Kusini wamekataza madhara yaliyo makubwa na yasiyo na sababu ya maana. Sisi maneno hayo mawili ya kulegeza hatukuyaweka. Katiba yetu haikusema kaunti isidhuru sana. Ilisema isidhuru.

Mwanasheria wa kaunti atasema kwamba shilingi mia chache kwa lori si madhara. Naomba ahesabu kama anavyohesabu mchuuzi. Viazi ni bidhaa inayooza. Lori likisimamishwa usiku kwa muda wa saa mbili kwa sababu mwenye mashine ya risiti ameenda kula, linafika sokoni wakati wanunuzi wa alfajiri wameshaondoka, na bei ya saa kumi na moja alfajiri si bei ya saa tatu asubuhi. Halafu ushuru unatozwa kwa gunia, bila kujali uzito. Kanuni za viazi za 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50, lakini mwenye kutozwa kwa gunia katika vizuizi vitatu atashawishika kulishonea gunia lake kofia, na hivyo lumbesa ambayo Serikali ya Kitaifa inaipiga vita inarudi kwa sababu ya namna kaunti inavyotoza. Anayeumia ni mkulima, anayelipwa kwa gunia lilelile lililovimba. Hapo sera ya taifa imedhuriwa, na sikuhitaji mtaalamu wa uchumi kunionyesha.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilifikiria linanichekesha kwa uchungu. Vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu nchini Tanzania, vinaingia Kenya kupitia Namanga, ambako tangu 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Nchi mbili zenye bendera mbili na sarafu mbili zimekubaliana kusimamisha lori mahali pamoja. Kaunti mbili zenye bendera moja, zinazopokea mgao kutoka Hazina moja, hazijakubaliana.

Wala si viazi tu. Wenye viwanda wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu magari ya kusambaza bidhaa yenye nembo, ambayo hutakiwa kulipia ada ya matangazo katika kila kaunti yanamopita, utadhani mkate ule unatembea ukijitangaza kwa hiari yake.

3. Maoni ya wananchi yamekuwa karatasi ya kuambatisha.

Aprili 2014 Mahakama Kuu, katika shauri la Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, ilitamka kwamba Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwa kirefu kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu, na kwamba ni wajibu wa bunge la kaunti kuufikisha ujumbe kwa watu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na uamuzi huo. Mabunge yenu yameusoma uamuzi huo. Nina hakika, kwa sababu tangu wakati huo kila Sheria ya Fedha ninayoiona ina kiambatisho cha orodha ya waliohudhuria. Yaani mlichojifunza ni kwamba orodha inahitajika.

Muswada wa Fedha ninaotozwa kwao umeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wapakiaji wangu, mama wanaouza rejareja, na wazee wenye mashamba wote wangeweza kusoma jedwali la ada lililoandikwa kwa Kiswahili. Kwa nini wasipewe?

4. Risiti.

Sehemu hii ni fupi. Kuna vizuizi ambako ukilipa kwa simu unapewa risiti, na ukilipa taslimu unapunguziwa na hupewi. Kila dereva anajua bei zote mbili, na utingo wake pia. Sina ushahidi wa kumshtaki mtu yeyote, wala si nia ya barua hii. Nataka tu kaunti zielewe kwamba katika pesa zinazotutoka barabarani, zipo ambazo hazifiki katika hesabu zenu.

5. Mahakama huja baada ya mazishi.

Hapa namgeukia Mheshimiwa Jaji Mkuu, na naomba niseme mapema kwamba siandiki kuhusu kesi yoyote iliyo mbele ya mahakama wala siombi jaji yeyote aelekezwe aamue nini. Naandika kuhusu muda na nafuu.

Ibara ya 165 imeipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua mambo ya uhusiano wa kikatiba kati ya ngazi mbili za serikali. Kwa hiyo mwamuzi yupo. Tatizo ni kwamba mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ile hukumu ya Kiambu, ambayo sote tunaisifu, ilitolewa wakati mwaka wa fedha uliohusika ulikuwa umebakiza wiki zisizozidi kumi na moja. Rufaa yake ilimalizika miaka mitatu baadaye. Shauri la kampuni iliyokuwa ikichimba titani Kwale dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu tozo kwa malori yanayobeba madini kwenda kupakiwa melini, lilianzia Mahakama Kuu, likapita Mahakama ya Rufaa, likafika Mahakama ya Juu. Kampuni ya madini ina mawakili wa kudumu na madini hayaozi. Mimi siwezi kuvipeleka viazi katika ngazi tatu za mahakama.

Na hata mlalamikaji akishinda, anashinda karatasi. Sheria inatamkwa batili. Kaunti inapitisha nyingine yenye viwango vilevile chini ya kichwa kipya. Fedha zilizokusanywa chini ya ile ya kwanza zimeshatumika, na hakuna anayemrudishia mwenye risiti chochote. Kwa hesabu hiyo, kaunti inayotunga sheria batili haipotezi kitu. Inakopa kwa mwaka mmoja bila riba, kutoka kwa watu wasioweza kudai.

Lipo pia suala la mlango wa kuingilia. Ibara ya 22 inaagiza kwamba anayefungua kesi kutetea Haki za Msingi asitozwe ada ya kuifungua, na taratibu zisiwe nzito. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013 chini ya ibara hiyo zinaruhusu mahakama ipokee hata barua. Lakini Ibara ya 209 haimo katika Sura ya Nne ya Haki za Msingi. Iko Sura ya Kumi na Mbili, ya fedha za umma. Ibara ya 258 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani Katiba inapokiukwa, ila haina ahadi ile ya kutotoza ada. Matokeo yake ni kwamba mchuuzi analazimika kuyavika malalamiko yake ya ushuru nguo za haki ya kumiliki mali au za haki ya utawala wa haki ili apenye, na wakili wa kaunti anatumia nusu ya muda wa kesi kuzivua nguo hizo.

Najua mahakama hujizuia kuingia katika mambo ya siasa na bajeti, na najua kwamba Ibara ya 189 inazitaka serikali zimalize migogoro yao kwa mazungumzo kwanza. Hiyo ni sawa kati ya serikali na serikali. Mwenye lori si serikali. Akiambiwa asubiri gavana wawili wazungumze, ameambiwa asubiri wawili ambao wote wanafaidika na kimya.

Katika nchi nyingine zenye serikali za ngazi mbili, ni mahakama zilizofungua njia. Marekani ilikuwa bado changa New York ilipotoa haki ya pekee ya kuendesha boti za mvuke katika maji yake, na Aaron Ogden akaitumia haki hiyo kumzuia Thomas Gibbons aliyekuwa akivusha abiria kutoka New Jersey. Mwaka 1824 Mahakama ya Juu, chini ya John Marshall, iliamua kwamba biashara inayovuka mipaka ya majimbo iko chini ya mamlaka ya Bunge la Shirikisho, na sheria ya New York ikaanguka. Majaji wale walikuwa na maneno machache tu katika Katiba yao, wakalazimika kuyafafanua wenyewe kwa miongo mingi. Sisi tumeandikiwa katazo lenyewe, neno kwa neno. India ilipita njia nyingine: kodi ya pamoja ya bidhaa na huduma ilipoanza Julai 1, 2017, majimbo mengi yaliondoa vituo vya ukaguzi vya mipakani mwao, ambako malori yalikuwa yakipanga foleni kwa saa nyingi.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua kwa sababu nimeshayasikia madirishani.

Mtasema kaunti hazina fedha. Ni kweli kwamba mgao wa haki, ambao Ibara ya 203 inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, huchelewa, na mishahara ya wauguzi haingoji. Mkiandamana kuidai Hazina, mtanikuta. Ninakumbuka pia kisa cha majimbo ya Katiba ya uhuru ya 1963, yaliyonyimwa fedha na kupokonywa nguvu hata kufikia Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, yalikuwa jina tu. Sitaki kaunti zife kifo hicho. Lakini anayedaiwa na Hazina asimkabe mwenye viazi. Tena ushuru unaomfanya mnunuzi wa jumla ahamie njia nyingine au aache kununua katika kaunti yenu unawapunguzia hata ile ada halali ya soko.

Mtasema malori yanaharibu barabara. Barabara kuu ninazopita ni za Serikali ya Kitaifa, na matengenezo yake nayalipia ndani ya kila lita ya dizeli. Tozo hiyo ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Kama kaunti zinastahili sehemu kubwa zaidi ya tozo hiyo, huo ni mjadala wenu na Serikali ya Kitaifa, na usimalizwe kwa kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili.

Mtasema Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti masoko na leseni za biashara. Limewapa, na leseni yangu ya biashara naikata kila mwaka katika kaunti ninayouza, na imetundikwa ukutani. Kumpa mtu leseni ya kufanya biashara kwako ni kitu kimoja. Kumtoza kwa kupita akielekea kwa jirani yako ni kitu kingine.

Na mwisho mtasema: nenda mahakamani. Rejeeni namba 5.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwa Baraza la Magavana: muamue kwa azimio la maandishi kwamba mzigo wa mazao uliolipiwa pale ulipopakiwa hautatozwa tena na kaunti ambamo unapita tu, na kwamba risiti ya kaunti moja itatambuliwa na nyingine zote. Hata huo ushuru wa mahali pa kupakia nina shaka nao kisheria, kama nilivyoeleza, lakini niko tayari kuulipa wakati Bunge la Taifa na Seneti wakiweka msingi wake, mradi uwe mmoja na utozwe kwa kilo badala ya gunia. Vizuizi vya ushuru vilivyo katika barabara kuu za kitaifa viondolewe kabla ya Julai 1 ijayo.

Kwa Maspika: kila jedwali la ada katika Muswada wa Fedha litolewe kwa Kiswahili na kubandikwa sokoni siku zisizopungua kumi na nne kabla ya kikao, kikao kifanyike sokoni kwenyewe, siku isiyo ya soko, na kila ada iandikwe kando yake huduma inayolipiwa. Ada isiyo na cha kuandikwa kando yake iondolewe katika muswada.

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu: utolewe mwongozo wa utendaji unaotaka mashauri ya kupinga tozo za kaunti zinazogusa biashara baina ya kaunti yasikilizwe na kuamuliwa katika Mahakama Kuu ndani ya siku tisini, shauri likiwa linaendelea, majaji wazingatie kuagiza fedha zinazobishaniwa ziwekwe katika akaunti maalumu, na suala la kurudisha fedha lijadiliwe katika hukumu yenyewe badala ya kuachwa hewani. Kasi hiyo haitakuwa ngeni. Ibara ya 140 inaitaka Mahakama ya Juu iamue kesi ya uchaguzi wa Rais kwa siku kumi na nne, nayo huamua. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inatakiwa kumaliza shauri kwa siku sitini. Hiyo ya mwisho haina mamlaka ya kutafsiri Katiba, wala siombi ipewe. Naitaja kwa ajili ya kalenda yake.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi ndani ya siku sitini tangu tarehe ya kupokea barua hii. Likikosekana, mimi na wafanyabiashara wenzangu wa njia hii tutafungua shauri chini ya Ibara ya 258, na tutaomba hasa tafsiri ya sehemu ya tano ya Ibara ya 209, neno kwa neno, pamoja na marejesho ya fedha. Tumeshaanza kuchanga ada ya kufungulia kesi.

Risiti zangu zote za tangu Julai mwaka jana ninazo, zimepangwa kwa tarehe, pamoja na nakala za barua tatu zenye muhuri. Ofisi itakayotaka kuzikagua initumie ujumbe, nami nitazileta mwenyewe, siku yoyote isipokuwa Jumanne na Ijumaa, ambazo ni siku za kupakia.

Wenu mwaminifu,

Mfanyabiashara wa mazao, mwenye leseni

Nakala: Spika wa Seneti, Tume ya Ugavi wa Mapato, Waziri wa Fedha wa Taifa.